Waridi la jangwani: si waridi, na kwao si jangwani

Shangazi yangu anaishi Tanga, na barazani kwake ana ua moja analolipenda kuliko yote. Shina lake limevimba chini kama muhogo mnene uliochomoza ardhini, matawi yake ni mafupi, na likichanua hutoa maua ya pinki yenye koo jeupe. Mwaka jana, masika yakiwa yamekolea, alinipigia simu akiwa na mashaka. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ilikuwa imezunguka sauti ya mtu asiyejitambulisha, akionya kwamba waridi la jangwani lina sumu ya kuangusha tembo, kwamba ukiligusa tu moyo unasimama, na kwamba kila mwenye watoto nyumbani alichome moto leo leo. "Mwanangu, wajukuu wanashinda hapa barazani. Niling'oe?" Kabla sijajibu akaongeza la pili: ua lenyewe halina raha. Majani yanageuka njano na kudondoka, shina limeanza kubonyea, na yeye analimwagilia asubuhi na jioni bila kukosa.

Maswali haya mawili, la sumu na la maji, huulizwa na karibu kila anayefuga mmea huu. Nayajibu pamoja kwa sababu chanzo chake ni kimoja. Unene wa shina na ukali wa utomvu vinategemeana kama mtungi wa maji na kufuli la mlango. Ukijua kwa nini mmea huu ulihitaji mtungi, utajua kwa nini ulitia kufuli, na utajua pia jinsi ya kuishi nao nyumbani bila kuuua na bila kudhurika.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo watu wanapoanza kupotea. Mmea tunaouzungumzia wataalamu wanauita Adenium obesum. Ni kichaka: una shina la mti lakini haukui kuwa mti mkubwa, na porini kwa kawaida hufika mita 1 hadi 3. Waridi halisi ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo mmoja na matofaa na mapea. Waridi lina miiba, na majani yake yana meno pembeni. Huu wetu hauna mwiba hata mmoja, majani yake ni mazito yanayong'aa na hukusanyika nchani mwa matawi, na ua lake ni kama tarumbeta: petali tano zilizoungana chini zikawa mrija. Kinachozidisha mkanganyiko siku hizi ni aina mpya zilizozalishwa na wakulima wa Asia, zenye petali zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Ukiyatazama maua hayo kwa haraka utaapa kwamba ni waridi.

Ndugu zake wa kweli unawafahamu. Mmoja ni msanapiti, ule wenye maua meupe na kiini cha njano yanayonukia jioni. Mwingine ni oleanda, inayopandwa kama uzio wa nyumba. Wa tatu ni Catharanthus roseus, kile kimmea kifupi chenye asili ya Madagaska kinachoota chenyewe kwenye nyua za pwani na makaburini, maua yake mapinki na meupe. Wa nne ni mti wa Acokanthera, uliowapa Wakamba na Wagiriama sumu ya mishale. Vunja tawi la yeyote kati yao na utomvu utatoka. Huo ndio ukoo, na tutaurudia tukifika kwenye sumu.

Jina hilohilo la waridi la jangwani limebandikwa pia vitu ambavyo havihusiani. Kuna mawe: fuwele za jasi zinazojijenga mchangani kwa umbo la petali, na Waswahili waliopo Ghuba watakuwa wameliona umbo hilo likiwa jengo zima, kwani Makumbusho ya Taifa ya Qatar huko Doha, yaliyobuniwa na Jean Nouvel na kufunguliwa mwaka 2019, yamejengwa kwa mfano wa jiwe hilo. Kuna pia ua la Australia, jamaa wa pamba, ambalo ni nembo ya Jimbo la Kaskazini la nchi hiyo. Kwa hiyo mtu akikutumia maelezo ya "waridi la jangwani" kutoka intaneti, kwanza hakikisha anazungumzia kitu kilekile kilichopo barazani kwako.

Nchi nyingine zimeupotosha mmea huu kwa namna zao. Kusini mwa Afrika jamaa yake wa karibu huitwa yungiyungi la swala pala, na si yungiyungi. Indonesia wanauita kamboja jepang, maana yake msanapiti wa Kijapani, na Japani haukuwahi kuota wenyewe. Wengi wetu pia tunaamini ni mmea wa Kithai au wa Kihindi, kwa sababu mbegu na miche mizuri mingi inatoka huko. Wathai, Wahindi na Wataiwani wameulea na kuupamba, hilo tuwape. Lakini kwao ni huku kwetu.

Ni ukanda mrefu. Unaanzia Senegali, unapita Saheli yote hadi Sudani, Ethiopia na Somalia, unashuka Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari unashika Yemen, Oman na Saudi Arabia. Ukisafiri Tsavo, Samburu au Baringo utauona kwenye miamba na kwenye udongo mwekundu, katikati ya migunga. Kwa ndugu zetu wa Oman, upo kwenye miteremko mikavu ya milima ya Dhofar. Kisiwani Sokotra, kilichoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, kuna aina yake inayokuwa nene hadi ikafanana na mbuyu mdogo uliopakwa maua. Picha hizo za Sokotra ndizo zinazosambaa mitandaoni, na wengi hudhani ni uchoraji wa kompyuta. Ni miti halisi.

Wazungu ndio waliochelewa kuufahamu. Mwaka 1761 msafara wa kisayansi uliotumwa na mfalme wa Denmark uliondoka Copenhagen kuelekea Uarabuni. Ndani yake alikuwamo mtaalamu wa mimea Peter Forsskål. Alifika Yemen, akakusanya na kuandika kwa bidii kubwa, na mwaka 1763 malaria ikamuua hukohuko. Katika msafara mzima alirudi hai mtu mmoja tu, Carsten Niebuhr, na ndiye aliyechapisha maandishi ya mwenzake mwaka 1775. Mmea wetu umo humo, ukiwa umeitwa Nerium obesum, kwa maana ya oleanda nene. Mwaka 1819 ukatolewa kwenye kundi la oleanda na kupewa kundi lake, Adenium, jina linalohusishwa na Aden, bandari ambayo majahazi ya pwani yetu yameizoea kwa karne nyingi. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana kama jamii zote za Adenium ni mimea mbalimbali au ni mmoja wenye matawi mengi ya ukoo. Kwa mfugaji wa ua barazani, ubishi huo haubadilishi kitu.

Sasa, jangwa. Ukisema jangwa, mtu anafikiri mchanga mtupu mpaka upeo wa macho, na mvua inayokuja baada ya miaka. Kwao Adenium ni nyika kavu: nchi yenye misimu ambayo mvua ikija, inakuja kwa wingi, mito inafurika, kila kitu kinakuwa kijani, kisha mbingu zinafungwa kwa miezi. Tofauti hii ndiyo inayoamua kama ua lako litaishi au litakufa. Mmea wa nyika haukatai maji. Unayapenda sana, unayanywa kwa pupa wakati wake, na unayaweka.

Unayaweka wapi? Kwenye lile bonge. Shina na mizizi ya juu imejaa nyama laini inayofyonza maji kama sifongo na kuyashikilia. Nyumba nyingi za pwani zina pipa chini ya mfereji wa bati. Mvua ikinyesha linajaa, na familia inateka kidogo kidogo mpaka mvua nyingine. Bonge ni pipa hilo. Kiangazi kikibana, mmea unafunga matumizi: unaangusha majani yote. Mtu asiyeujua anadhani umekufa.

Majani tuyatazame kidogo, maana ndiyo siri ya kosa la shangazi. Jani hufanya kazi kama utambi wa kibatari. Mafuta yanapanda kwenye utambi kwa sababu juu kuna moto unaoyala. Maji yanapanda kwenye mmea kwa sababu juu kuna majani yanayoyatoa kuwa mvuke. Ukizima kibatari, mafuta hayapandi tena. Mmea ukiangusha majani, au anga ikiwa na mawingu na unyevu kama masika ya Tanga, maji hayapandi. Ukiendelea kumimina asubuhi na jioni, yanabaki kwenye chungu. Mizizi nayo inahitaji hewa, na hewa ya mizizi imo kwenye vinafasi vya udongo. Maji yakijaza vinafasi hivyo siku baada ya siku, mizizi inakosa pumzi, inakufa, ukungu unaingia, na kuoza kunapanda mpaka kwenye bonge.

Hapo ndipo mkosi unapokuja. Mmea unaooza mizizi hauwezi kunywa, kwa hiyo majani yananyauka na kugeuka njano, dalili zilezile za kiu. Mwenye nyumba anaona mmea una kiu, anaongeza maji. Nadhani njia hii imeua waridi za jangwani nyingi zaidi kuliko wadudu wote.

Kipimo ni kidole gumba. Bonyeza bonge. Likiwa gumu kama kiazi kibichi, mmea ni mzima, hata kama hauna jani hata moja. Likibonyea na udongo ni mkavu kabisa, una kiu. Mwagilia vizuri na ndani ya siku chache utarudi kujaa. Likibonyea na udongo umelowa, linaoza, na usingoje kesho. Lichomoe, osha mizizi, kata kwa kisu safi sehemu zote za kahawia na laini mpaka ufikie nyama nyeupe iliyo ngumu, kisha uliache kivulini, penye hewa, siku kadhaa mpaka kidonda kikauke. Ndipo ulipande upya.

Udongo uwe wa kupitisha maji upesi: mchanga mkubwa wa mto, kokoto ndogo, na samadi iliyooza kwa kiasi. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Chungu kiwe na tundu. Mmea ukae juani, saa 6 kwa siku au zaidi, kwani kivulini hukua mrefu, mwembamba, na hautoi ua. Ukiwa na majani na jua lipo, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha udongo ukauke ndipo umwagilie tena. Ukiwa uchi, karibu uuache. Upo uongo wa upande wa pili pia, kwamba mmea huu hautaki maji kabisa. Anayeuamini anapata kijiti kilichokunjamana kinachokaa miaka bila kukua.

Turudi nyikani, kwa sababu lipo swali ambalo sauti ile ya WhatsApp haikujiuliza. Mmea uliojaza maji na kuyahifadhi mahali ambapo kila kiumbe kina kiu, unapona vipi? Mbuzi wapo, ngamia wapo, tembo wapo. Hauna miiba kama mgunga wala hauwezi kujificha. Ulichonacho ni utomvu. Ule utomvu ndio kufuli la pipa.

Sumu yake ipo kwelikweli, na sitaki yeyote aipuuze. Ni kemikali za kundi liitwalo glikosidi za moyo, na zimo kwenye mmea mzima, mizizi hadi maua. Kuielewa kazi yake, fikiria ngalawa baharini. Hakuna ngalawa isiyovuja. Maji yanaingia kidogo kidogo, na lazima awepo mtu mwenye kata anayefua maji muda wote. Kila chembe ya misuli ya moyo ni ngalawa ya namna hiyo. Sodiamu inaingia ndani, na kuna kipampu kidogo kwenye ukuta wa chembe kinachoitoa nje na kuingiza potasiamu. Glikosidi inamshika mikono yule mfua maji. Sodiamu inazidi, nayo inasababisha kalsiamu ijae ndani ya chembe, na kalsiamu ndiyo inayouambia msuli ukaze. Moyo unakaza kwa nguvu kupita kiasi, mapigo yanapungua au yanavurugika, na dozi ikiwa kubwa unapoteza mdundo kabisa.

Kufunga mikono nusu, kwa kipimo, kunaweza kuwa tiba. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha maelezo ya kutibu kwa mmea wa Ulaya wa digitalis wagonjwa waliovimba mwili, na kutoka kundi hilo la mimea tukapata digoksini, dawa ambayo mpaka leo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Moyo uliochoka unapokaza kwa nguvu zaidi kidogo, unasukuma damu vizuri zaidi. Lakini umbali kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha kuua ni mfupi sana, na ndiyo maana dawa hiyo hutolewa kwa sehemu ndogo ya miligramu na kwa uangalizi. Jani la barazani halina lebo. Mmea mmoja unaweza kuwa mkali kuliko wa jirani yake. Kwa hiyo atakayekwambia uchemshe waridi la jangwani kwa sababu "hospitali nao wanatumia", mkatalie, na umkatalie kwa nguvu.

Wanaoijua sumu hii kuliko sote ni Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi. Wanatoa utomvu wa Adenium, wanauchemsha kwa muda mrefu mpaka unakuwa mzito na mweusi kama lami, na kuupaka kwenye mshale nyuma ya ncha. Wanaiita panjube. Kwa mshale huo wanaweza kumwangusha mnyama mkubwa, kwa kumfuatilia baada ya kumpiga. Hapo ndipo maneno ya "sumu ya kuangusha tembo" yanapata mizizi yake, na si uongo mtupu.

Lakini tazama kazi iliyofanyika. Utomvu umekusanywa mwingi, umechemshwa hadi ukakolea, na umepenyezwa ndani ya nyama, mahali damu inapopita. Mwindaji mwenyewe ameushika mti, ameukata, ameukamua, na anarudi nyumbani. Ngozi nzima ni ukuta, jeraha ni mlango. Kugusa jani, kunusa ua, kuhamisha chungu, kufagia majani yaliyodondoka, hakusimamishi moyo wa mtu. Utomvu ukibaki kwenye ngozi unaweza kuwasha, na ukiingia machoni unachoma, basi unapokata matawi vaa glavu, ukiwa na kidonda mkononi mwachie mwingine, na unawe kwa sabuni ukimaliza. Kisu cha kukatia usikirudishe jikoni.

Hatari ya nyumbani ni kinywa. Mtoto anayetambaa anatafuna kila kitu, na mbuzi aliyefungiwa bandani akatupiwa matawi yaliyopogolewa hana pa kuchagua. Aliyekula anaweza kutapika, kuumwa tumbo, kuharisha, kuona kizunguzungu, kisha mapigo ya moyo yakawa ya polepole au ya kurukaruka. Hapa kuna jambo tulilorithi ambalo lazima tuliache: kukimbilia kumpa maziwa au mafuta, au kumtia kidole kooni atapike. Maziwa hayaondoi sumu hii, na kumtapisha mtoto aliyelegea kunaweza kumpaliza. Mtoe mabaki mdomoni, msukutue, na umpeleke hospitali hata kama anaonekana mzima, ukiwa umebeba kitawi cha mmea kwenye mfuko ili daktari ajue anapambana na nini.

Nilimwambia shangazi asiuchome. Mmea ukae juu, mahali mtoto mdogo hafiki, na wale wakubwa waambiwe wazi: ua hili ni la kutazama, haliliwi. Oleanda imepandwa kwenye nyua ngapi za mji, na ni sumu ya ukoo uleule? Mihogo michungu je, tunayoila kila siku kwa sababu mama zetu walijua kuiloweka na kuianika? Tumeishi na mimea yenye sumu siku zote. Mtoto aliyefundishwa jina na tabia ya mmea yuko salama kuliko aliyetishwa na sauti isiyo na mwenyewe.

Hata kufuli hili, kwa njia, lina mwizi wake. Kuna nondo mkubwa wa kijani, Daphnis nerii, ambaye viwavi wake hula majani ya oleanda na ya Adenium bila kudhurika. Ni wanene, wa kijani, wenye madoa mawili ya buluu yanayofanana na macho. Ukiamka ukakuta mmea umebaki vijiti kwa usiku mmoja au miwili, usimtuhumu mchawi wala mbuzi wa jirani. Watafute chini ya matawi uwaokote.

Kuhusu kununua, nina maneno machache. Bonge zuri hutokana na mmea uliooteshwa kwa mbegu. Tawi lililokatwa na kupandwa litaota na kutoa maua, lakini kwa kawaida halijengi lile bonge la mviringo, hivyo anayekuuzia kipandikizi kwa bei ya mmea wa mbegu amekupunja. Rangi za kifahari kwa kawaida hupatikana kwa kubebesha, kama tunavyobebesha miembe: shina ni la mmea wa mbegu, juu limeungwa tawi la aina nzuri. Ndiyo maana ukipanda mbegu kutoka kwenye ua jekundu la tabaka tatu, ukapata pinki la kawaida, hujarogwa. Mbegu huchanganya damu za wazazi. Bonge kubwa pia si cheti cha umri, kwani wakulima hodari hulinenepesha upesi kwa jua, mbolea na maji ya wakati wake.

Na ua la buluu halipo. Picha za Adenium ya buluu kama anga zinazouza mbegu mitandaoni zimetiwa rangi. Zile ziitwazo nyeusi ni nyekundu iliyokolea sana. Mwaka hadi mwaka watu wanatuma pesa, wanasubiri, wanaotesha, na kinachochanua ni pinki, kama kinachanua chochote.

Wapo pia wanaoona hakuna haja ya kununua: porini ipo, gari lina nafasi, jembe lipo. Jambo hili linaniuma. Kichaka kilichokaa kwenye mwamba miaka mingi, bonge lake likajipinda kufuata jiwe, kinang'olewa kwa nusu saa, mizizi inakatika, na mara nyingi kinaoza kwenye chungu cha mjini kabla ya mwaka kwisha. Mbegu si ngumu. Ua lililochavushwa hutoa vitumba viwili virefu kama pembe za mbuzi, na vikikauka hupasuka. Ndani kuna mbegu zenye umbo la kijiti, kila moja ina kishungi cha nywele laini huku na huku, ncha zote mbili, ili upepo wa nyika uibebe na kuibiringisha. Funga kitumba kwa uzi kabla hakijapasuka, la sivyo utazikuta kwa jirani. Zikiwa mbichi na mchanga una joto, huota kwa takriban wiki moja, na mche wa siku chache tayari una kijitumbo chake chini.

Shangazi alilikata ua lake kama nilivyomwelekeza. Lilibaki nusu ya bonge, chongo upande mmoja, na aliliweka juu ya ukuta mfupi wa baraza, chini ya bati, mvua zisilifikie. Ilimchukua muda kuacha kumwagilia; alisema mkono ulikuwa unaenda wenyewe. Januari, kaskazi ikivuma na vumbi la barabarani likiwa limejaa kila mahali, alinitumia picha. Hapakuwa na jani hata moja. Kidonda kimefunga kikawa kigumu kama gome, na nchani mwa matawi mawili yaliyobaki yamefunguka maua manne.